Mgongo wa mwanafunzi wa uuguzi: tumfundishe kuinua mgonjwa, au tumwimarishe kwanza yeye anayeinua?

Muuguzi wa Pasua (mleta mada)

Wadau wa afya, habari za jioni. Mimi ni muuguzi katika wodi ya wanaume hapa Moshi, na kila muhula tunaletewa wanafunzi wa uuguzi waje kujifunza kwa vitendo. Ninafungua uzi huu kwa sababu ya jambo lililotokea wiki mbili zilizopita. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti wa miaka 20 hivi, aliniomba ruhusa akakae kwenye ngazi za nyuma ya wodi kwa kuwa kiuno kilikuwa kimemkaza asiweze kusimama wima. Ilikuwa saa 4 asubuhi. Tangu saa 1:30 alikuwa ametandika vitanda 12, amesaidia kuwaogesha kitandani wagonjwa 2 wa kiharusi, na amewapima presha wagonjwa wa safu nzima huku akiwa ameinama, kwa sababu vitanda vya safu ile ni vya kimo kimoja, havipandi wala havishuki.

Nilipomuuliza kama chuoni walifundishwa namna ya kuinua mgonjwa, alijibu kuwa walifundishwa, tena alifaulu. Ilikuwa alasiri moja katika maabara ya stadi, kwa mdoli. Mdoli huyo hana uzito wa mtu, hakukumbatii shingoni kwa hofu ya kuanguka, na amelazwa kwenye kitanda ambacho mpini wake unazunguka vizuri. Mwanafunzi anatoka hapo na cheti cha kujua kukunja magoti, kisha anakutana na baba wa kilo 90 aliyeteleza hadi miguuni mwa kitanda.

Waswahili husema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Wodini tumeugeuza msemo huo bila kuutamka: mgonjwa mzito mpe mwanafunzi. Hata mimi nilipokuwa mwanafunzi, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimvuta mgonjwa peke yangu kwa kumshika kwapani, nikasikia kitu kimekatika kiunoni, na nilipoeleza nikaambiwa mwili bado haujazoea. Nilinyamaza, kwa kuwa aliyeniambia hivyo ndiye aliyekuwa anasaini kitabu changu cha vitendo.

Hoja yangu ni hii, na ninaomba ipingwe kwa hoja: somo la alasiri moja kuhusu namna ya kuinama halimlindi mwanafunzi. Kitakachomlinda ni mwili uliojengwa kwa mazoezi kabla hajaingia wodini, pamoja na ruhusa ya wazi ya kusema "subiri, tuwe wawili" bila kuonekana mvivu.

Mwanafunzi wa Ngarenaro

Mleta mada, nakushukuru. Ninasoma stashahada ya uuguzi hapa Arusha, mwaka wa pili, na nilidhani tatizo hili ni langu peke yangu.

Ningependa kuongeza kwamba maumivu yangu hayakuanzia wodini. Nilianza kuumwa shingo na mabega mwaka wa kwanza, kabla sijamgusa mgonjwa hata mmoja. Bwenini kwetu hakuna meza za kutosha, hivyo tunasomea kitandani, mgongo ukiwa umeegemea ukuta, simu ikiwa mapajani, na kichwa kimeinama kwa saa tatu au nne. Darasani napo tunakaa tangu asubuhi hadi saa 8 mchana. Wiki ya mitihani ndiyo mbaya zaidi, maana hata kule kutembea hadi mgahawani tunakuacha, anatumwa mmoja alete chipsi za wote. Halafu Jumatatu inayofuata tunapelekwa wodini tukasimame kwa muda wa saa nane.

Swali langu kwa wenye ujuzi: mtu asiye na fedha ya kwenda jimu, anayelala chumba cha watu sita, anaweza kufanya mazoezi gani yenye maana? Na je, ile mikanda ya kubana kiuno inayouzwa sokoni inasaidia? Wenzangu watatu wameshanunua.

Mnyoosha Viungo

Nimesoma fiziotherapia hapo hospitali ya KCMC na ninaishi Moshi bado. Mtaniwia radhi kwa urefu, kwa kuwa mambo haya mara nyingi husemwa nusu nusu na ile nusu inayobaki ndiyo inayoumiza watu.

Nianze na hesabu. Misuli ya mgongo inayokuzuia usianguke kifudifudi imekaa takriban sentimita 5 nyuma ya mhimili ambao pingili za kiuno hupinda. Ukishika kilo 10 mbele yako kwa umbali wa sentimita 40, misuli hiyo hulazimika kuvuta sawa na kilo 80, na hapo hujahesabu uzito wa kiwiliwili chako mwenyewe kilichoinama pamoja na mzigo. Ukiusogeza mzigo uleule hadi sentimita 20, mvuto unashuka kuwa nusu. Kwa hiyo yule anayesimama mbali na kitanda kwa kuogopa kuchafua sare anaulipia usafi huo kwa kiuno. Mwambieni mwanafunzi asogee mpaka paja liguse kitanda, na kama kitanda ni cha chini na hakipandi, aweke goti moja juu yake. Hakuna dhambi yoyote katika goti hilo.

Sasa uzito. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, iliweka kilo 23 kuwa kikomo cha kuinua kwa mikono pale ambapo mazingira yote ni mazuri: mzigo uko karibu, una vishikio, hausogei. Mwaka 2007 mtaalamu wake Thomas Waters aliitumia hesabu hiyo kwa wagonjwa, ambao hawana vishikio na hushtuka katikati ya safari, akapendekeza kikomo cha kilo 16 hivi. Zipeni kilo hizo sura ya wodi. Mguu mzima wa binadamu, kuanzia paja hadi unyayo, ni karibu sehemu moja ya sita ya uzito wake. Mgonjwa wa kilo 100 anapohitaji mguu wake uinuliwe ili ufungwe bandeji, mwanafunzi anayeushika mguu huo peke yake amekwisha kufika kikomo. Hatujazungumza bado habari ya kumwinua mtu mzima.

Hapo ndipo ninapokubaliana na mleta mada. Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, uliokusanya majaribio ya kuwafundisha wafanyakazi mbinu za kubeba mizigo, na haukupata ushahidi kwamba mafunzo hayo, hata yakiambatana na vifaa, yanazuia maumivu ya mgongo. Mwaka 2016 jarida la JAMA Internal Medicine likatoa uchambuzi mwingine: mazoezi pamoja na elimu yalipunguza uwezekano wa kupata maumivu ya kiuno kwa takriban asilimia 45, mazoezi peke yake kwa takriban asilimia 35, ilhali elimu peke yake, mikanda ya kiuno na soli za kuwekwa ndani ya viatu havikuonyesha faida. Dada wa Ngarenaro, jibu la mikanda umelipata humo. Wenzako wasiitupe, wafungie masanduku.

Kuhusu kukaa, Alf Nachemson wa Sweden alipima miaka ya 1960 shinikizo ndani ya diski, yaani vile visahani laini vilivyo kati ya pingili za mgongo, za watu walio hai kwa kutumia sindano, akasema kukaa kunaikandamiza diski kuliko kusimama. Vipimo vya Ujerumani vya mwaka 1999 havikukubaliana naye kuhusu mtu aliyekaa kwa kujilegeza. Walichokubaliana ni kwamba kuinama mbele ukiwa umeshika uzito ndiko kunakopandisha shinikizo kuliko yote. Kwa mwanafunzi maana yake ni kwamba hakuna mkao mtakatifu, na mkao wowote ukiudumisha saa tatu unageuka kuwa mbaya. Simama kila baada ya nusu saa, soma kurasa mbili ukiwa umeegemea dirisha, kisha rudi.

Mazoezi yenyewe yanahitaji mkeka na nafasi ya urefu wako. Piga magoti na viganja vyako viwe sakafuni, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma bila kuacha kiuno kibonyee, shikilia sekunde 8 hadi 10, kisha badilisha upande. Lala ubavu, jiinue kwa kiwiko na magoti, na ukizoea uondoe magoti utumie nyayo. Lala chali, kunja goti moja, weka viganja chini ya kiuno, inua kichwa na mabega kidogo tu. Hayo matatu yamesambazwa sana na Stuart McGill wa Kanada, na uzuri wake ni kwamba yanajenga ustahimilivu wa misuli bila kuikunjakunja diski. Ongeza kuchuchumaa na kusimama mara 10 kwa raundi tatu, pamoja na daraja, yaani kulala chali magoti yakiwa yamekunjwa na kuinua nyonga. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Anayetembea kwa haraka kutoka Rau hadi mjini na kurudi mara chache kwa wiki ameshapata sehemu kubwa ya dakika hizo bila nauli.

La mwisho ni namna ya kuinama. Mkipita Chekereni au Mabogini wakati wa kupandikiza mpunga, angalieni wapandaji wenye uzoefu: wamekunja nyonga, na mgongo umelala kama ubao kutoka makalio hadi mabega. Kazi yao ni ngumu na simwambii mtu kuwa hawaumwi, lakini mkunjo huo wa nyonga ndio tunaoupoteza tukikaa madarasani miaka 14, na ndio ninaoanza nao kwa kila muuguzi anayeletwa kwangu.

Mkufunzi wa Njiro

Ninafundisha uuguzi, na nimeguswa kwa pande zote mbili.

Kwanza, ninapinga kidogo. Msiposoma vizuri maelezo ya mtaalamu wa viungo mtahitimisha kwamba mafunzo ya kuinua wagonjwa yafutwe. Mafunzo hayo hayapo kwa ajili ya mgongo wa muuguzi peke yake. Mgonjwa wa kiharusi anayevutwa kwapani anaweza kuteguka bega, na ngozi ya mzee inayosuguliwa kwenye shuka huchubuka, na mchubuko huo ukawa mwanzo wa kidonda cha mgandamizo. Hata kama mbinu sahihi isingemwokoa muuguzi yeyote, bado ningeifundisha kwa ajili ya mgonjwa.

Pili, ninakiri kosa letu. Nilipomaliza kusoma uzi huu nilifungua fomu yetu ya kumpima mwanafunzi anapomhamisha mgonjwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu. Kuna alama ya kunawa mikono, ya kumweleza mgonjwa, ya kufunga breki za kiti, ya kunyoosha mgongo. Hakuna alama ya kuuliza "mgonjwa huyu ana uzito gani, na anaweza kusaidia kwa kiasi gani?" Wala hakuna alama ya kuita msaidizi. Tunampa mtu maksi kwa kufanya peke yake jambo ambalo kitaalamu hakupaswa kulifanya peke yake.

Neno ergonomia, yaani elimu ya kuilinganisha kazi na mwili wa anayeifanya, lilitungwa mwaka 1857 na mwanasayansi wa Poland, Wojciech Jastrzębowski, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kazi na kanuni. Ninapolifundisha hutumia mfano wa fundi cherehani: nguo hukatwa ilingane na mwili. Sisi katika vyuo tumekuwa tukijaribu kuukata mwili uingie kwenye nguo, na tumeita jambo hilo ukakamavu.

Kuhusu mazoezi kuingizwa kwenye ratiba, msinitazame mimi. Ratiba imejaa, na michezo imebaki Ijumaa alasiri, ambapo wavulana wachache hucheza mpira na waliobaki hufua nguo. Ninachoweza kukifanya bila kuomba kibali kwa mtu ni kupima. Kuna dodoso la nchi za Nordiki, la mwaka 1987, linalouliza kuhusu sehemu 9 za mwili, kuanzia shingo hadi vifundo vya miguu, kama mtu ameumwa katika miezi 12 au siku 7 zilizopita, na kama maumivu yalimzuia kufanya kazi zake. Ukurasa mmoja tu. Nitawapa wanafunzi wangu kabla ya kwenda wodini na watakaporudi. Mkuu wa chuo hushawishika zaidi na karatasi kuliko na manung'uniko.

Sista Mstaafu

Wanangu, mimi nimestaafu, ninaishi Kibosho, na simu hii nimefundishwa na mjukuu, kwa hiyo nitaandika machache.

Zamani hatukuwa na mazoezi ya mkekani wala hatukuyajua hayo madodoso. Lakini kutandika kitanda ilikuwa kazi ya watu wawili, mmoja kila upande, na ukionekana unatandika peke yako matroni alikuita ofisini. Hakuna aliyezunguka kitanda, na hakuna aliyejinyoosha kufikia ng'ambo. Kumgeuza mgonjwa vilevile: wawili, mmoja anahesabu moja, mbili, tatu, na anayehesabu ni yule aliye upande wa kichwa. Hatukujua kuwa tunalinda migongo, tulijua ni utaratibu.

Leo ninasikia muuguzi mmoja na wanafunzi wanne, na kila mwanafunzi amepewa vitanda vyake vitatu kama mashamba. Wanne hao wangekuwa jozi mbili. Hilo halihitaji bajeti.

Mwaka wa Tatu, Mvulana

Shikamoo Sista. Naunga mkono, na ninaongeza upande ambao hausemwi. Katika kundi letu tuko wavulana wawili kati ya wanafunzi kumi na moja, na kila mgonjwa mzito akitakiwa kusogezwa tunaitwa sisi, hata kama tuko wodi nyingine. Siku moja nilihesabu mara 17 kabla ya chakula cha mchana. Ninafanya mazoezi ya vyuma tangu sekondari na ninajiona nina nguvu, ila mazoezi hayo yananiandaa kuinua chuma kilichonyooka, kisichopumua, nikiwa nimesimama katikati yake. Mwezi uliopita nilikaa siku nne bila kuweza kuvaa soksi nikiwa nimesimama. Kuwa na misuli si kibali cha kutumiwa kama winchi.

Muuguzi wa Pasua (mleta mada)

Marahaba nitamwachia Sista mwenyewe. Mkufunzi, pingamizi lako nimelipokea, na nimefurahi kwamba umeifungua ile fomu.

Niwaeleze tulichokwisha kukijaribu tangu niandike. Nilinunua mita mbili za nailoni laini, ile ya kutengenezea makoti ya mvua, nikaishona kingo zake mbili zikutane ikawa kama mfuko ulio wazi pande zote mbili. Unaipitisha chini ya mgonjwa kwa kumgeuza ubavu, kisha safu ya juu inateleza juu ya safu ya chini, na watu wawili wanamsogeza kuelekea kwenye mto wa kulalia bila kumwinua hata kidogo. Shuka la kuvutia tulilozoea kuliweka juu ya makintoshi linasaidia, lakini makintoshi ni mpira na mpira hung'ang'ania. Nailoni haing'ang'anii. Angalizo: itolewe mara baada ya kazi, maana mgonjwa akiachwa juu yake anaweza kuteleza hadi sakafuni, na kila mgonjwa awe na yake au ifuliwe kwa dawa kabla ya kwenda kwa mwingine.

Yule binti wa mwaka wa pili amerudi kazini. Nilimwomba anisaidie kujaribu nailoni kwa yule baba wa kilo 90, na alipomaliza aliniuliza kwa nini jambo hilo halimo kwenye kitabu cha vitendo.

Swali kwa Mnyoosha Viungo: zamu ya usiku wanafunzi hupumzika kidogo, kisha huamka saa 10 alfajiri na kuanza moja kwa moja kuwaogesha wagonjwa kabla ya makabidhiano. Nimegundua wengi hulalamika saa hiyo kuliko nyingine yoyote. Ni uchovu tu?

Mnyoosha Viungo

Si uchovu tu. Mtu anapolala, diski zake hunyonya maji na kuvimba, ndiyo maana sote ni warefu zaidi asubuhi kwa sentimita moja au zaidi kuliko jioni. Diski iliyojaa hivyo hustahimili kukunjwa kwa shida. Mwaka 1998 mtafiti wa Marekani, Stover Snook, aliwaomba watu wenye maumivu sugu ya kiuno waepuke kuinama katika saa za mwanzo baada ya kuamka, na maumivu yao yakapungua. Kwa wanafunzi wako, ukiweza, wape kwanza kazi za kusimama na kutembea wakiamka: vipimo vya joto, kupanga dawa kwenye toroli, kujaza chati. Kuogesha kuje baadaye, na kama haiwezekani, waogeshe wakiwa wamekaa kwenye stuli badala ya kuinama.

Mazoezi ya mkekani pia yasifanywe mara tu mtu anapotoka kitandani. Jioni kabla ya kuoga panafaa zaidi.

Mwanafunzi wa Ngarenaro

Nimeyajaribu jana jioni, sisi watatu kwenye korido, kwa kuwa chumbani hatuenei. Lile la kunyoosha mkono na mguu wa pande tofauti lilinishinda upande wa kushoto, nikawa ninayumba kama kuku aliyelowa. Je, niendelee au nisubiri?

Mnyoosha Viungo

Endelea, ila upande huo anza kwa kunyoosha mguu peke yake, mkono ubaki sakafuni. Ukiweza kuushikilia sekunde 8 mara sita bila kuyumba, ndipo uongeze mkono. Maumivu yakishuka mguuni hadi chini ya goti, au ukipata ganzi, acha na umwone daktari usisubiri mwisho wa muhula.

Muuguzi wa Pasua (mleta mada)

Nimempelekea matroni pendekezo la Sista kwa maandishi: wanafunzi wa asubuhi wapangwe kwa jozi, na kazi za zamu ya usiku zipangwe upya kama ilivyoelezwa hapo juu. Amekubali la jozi kuanzia Jumatatu. La usiku amesema kwanza nimwonyeshe ni nani atakayejaza chati saa hiyo bila taa ya mezani, kwa hiyo kesho ninatafuta taa.